Mla Jana Kala Nini

Mla ni mla leo, watu husema,
mla jana kala nini?
Wengine hulitupa swali hilo kama mzaha.
Mimi nalipwa mshahara nilijibu.

Kila siku ya shule, kabla ya saa sita na robo,
nachota gramu hamsini za kila kilichopikwa:
wali, vibua wa kuchoma, supu, mboga za siki,
hata chungwa.
Naziba mfuko, naandika tarehe,
nauweka ndani ya friza iliyo kando ya mlango.
Humo chakula hukaa wiki mbili, kimya, kigumu,
kama shahidi aliyeambiwa: usiende mbali.

Hapa Yokote theluji huziba madirisha ya jiko tangu Desemba.
Naingia kungali giza,
nanyoosha vidole, Bi Nagahori ananikagua kucha.
Tumbo? Salama.
Kidonda? Hakuna.
Mara mbili kwa mwezi napeleka choo changu maabara
ndani ya kichupa chenye jina langu:
Kudo Hatsue, mpishi.
Marehemu mume wangu alikuwa akicheka.
Mimi sikuwahi kuona aibu.

Aproni nyekundu ya nyama mbichi, nyeupe ya kilichoiva.
Kuku hapakuliwi mpaka kipimajoto kimchome moyoni
kisome sabini na tano.
Trei ya njano ni ya Rintaro, asiyeruhusiwa yai;
naipika peke yake, naibeba mwenyewe,
kwa mikono miwili.
Kisha mwalimu mkuu anakula, nusu saa kabla ya wote,
nasi tunamtazama anavyotafuna.

Bei ya kabichi imepanda. Bei ya sahani haijapanda.
Bi Nagahori hupiga hesabu za madini ya chuma
huku akiuma penseli,
naye Sugawara hutuletea karoti zilizopinda,
zile ambazo soko limezikataa.
Zikishakatwa, nani atajua zilipinda?

Halafu ile Jumatatu ya Februari.
Supu ya boga imeshaiva, masufuria mawili,
watoto mia tatu na kumi na wawili.
Naosha mashine ya kukatia vitunguu,
nahesabu meno yake, nakuta ncha moja haipo.
Haikuzidi ukucha wa mtoto.
Tukakoroga, tukachuja, tukapitisha sumaku.
Hatukuiona.
Nikasema: mwaga.
Nilisema mimi, si mwingine.

Unaujua uzito wa supu inayomwagwa?
Mvuke wake ulinukia siagi.
Madarasani wakapelekewa mkate, maziwa, dagaa wakavu.
Yuzuki wa darasa la tatu, ambaye kila Jumatatu
hula kama mtu aliyefunga tangu Ijumaa,
alikuja mpaka mlangoni.
"Supu?"
Nikamwongezea mkate. Akautia mfukoni.
Kanuni inakataza chakula kutoka nje ya shule.
Nilikuwa natazama theluji.

Saa kumi jioni ncha ikaonekana
kwenye chujio la sinki.
Supu haikuwa na kosa.
Hakuna aliyenilaumu, na hilo likanichoma zaidi.

Siku ya kumi na tano nikafungua friza.
Mfuko wa siku ile ulikuwamo, rangi ya boga, mgumu kama jiwe:
nilishachota sampuli kabla sijahesabu meno.
Gramu hamsini za chakula ambacho hakuna aliyekila.
Hakuna aliyeugua. Hata mmoja.
Ndiyo kazi yangu hiyo, kutunza ushahidi
wa jambo ambalo halikutokea,
kisha kuutupa.

Nikaushika mpaka vidole vikafa ganzi.
Halafu nikaenda kwenye ubao wa Bi Nagahori,
nikaandika bila kumwuliza:
Jumatatu, supu ya boga.
Masufuria matatu.